Hodi ya Mchezoni

Ndani ya mtumbwi wa injini uliotuvusha mto Lualaba, kijana mmoja, Chadrack, alimlalamikia mama aliyeketi karibu naye kana kwamba amefiwa. Kumbe ni mchezo wa kutisha wa kwenye simu. "Mutu alipiga hodi, mama, nikafungua. Kumbe ni zimwi. Dada yangu wa mule akakufa." "Juu ya nini ulifungua?" "Kwetu hodi haiachwi bila jibu." Nilicheka peke yangu.

Mama akamgeukia. "Sisi kule Wamaza, wakati wa vita, mutu alipiga hodi usiku, hatukufungua. Asubuhi tukakuta jirani yetu amekufa pale mulangoni." Nikaangalia maji. "Muchezo yako inaanzaka upya?" "Ndiyo, mama." "Basi anza. Na ufungue tena." "Lakini dada atakufa tena!"

Mtumbwi ukagusa mchanga. Mama akashuka wa kwanza.