Bwana Shamba Aliyeyaaga Matufaha Kabla Yetu

Ifikapo tarehe 30 Juni, Bwana Seok Jae-deok atarudisha funguo za ofisi ya kilimo ya wilaya yetu ya Sonam, baada ya miaka thelathini na tatu ya utumishi. Wapo watakaolia. Wapo pia, hasa wakulima wa upande wa mtoni, watakaopumua.

Aliajiriwa kufundisha upogoaji wa mitufaha. Enzi hizo Sonam nzima iliishi kwa tunda hilo: maghala ya baridi, malori, kiwanda cha maboksi cha Mama Bi Sun-ok. Hata harusi zilingoja mavuno.

Kosa lake lilikuwa kupima joto kila asubuhi. Mwaka 2009 alisimama mkutanoni akasema joto linapanda na matufaha yanahamia kaskazini, na yakiondoka yataondoka na malori, maghala na maboksi. Basi tuanze zabibu mapema. Mwenyekiti wa wakulima alikuwa Mzee Bang Man-su, baba mkwe wake.

"Mkwe," alisema Mzee, "nilikupa binti. Shamba sikukupa."

Sikukuu ya mavuno mwaka ule, wenzake wakila matufaha, yeye aliwekewa kisahani cha zabibu kavu. Alizimaliza, akaomba nyingine.

Akamwendea Mama Sun-ok kiwandani. "Matufaha yakiisha, mama, maboksini humu utapakia nini? Upepo?" Mama alimfukuza, kisha akaagiza kimyakimya kalibu ya kukatia maboksi ya zabibu, akaificha chini ya turubai wateja wasiione.

Tuseme ukweli wote: alitufanya tupande na mitini, ile miti ya tini, kule upande wa mtoni. Ilikufa yote majira ya baridi ya kwanza. Ripoti yake kuhusu mitini ina mistari miwili.

Mwaka 2018 Machi ilikuja na joto, mitufaha ikadanganyika ikachanua mapema, na Aprili baridi ya kugandisha ikaunguza maua. Vuli hiyo maghala mawili yalifungwa. Madereva walihamia mijini, na nusu yao hawajarudi hadi leo. Lakini mizabibu, inayochelewa kuchipua, ilinusurika. Mama Sun-ok alifunua turubai, akapakia zabibu za kaya kumi na moja zilizomsikiliza Bwana Seok, na za wilaya jirani. Wafanyakazi wake thelathini na mmoja walibaki kazini.

Mzee Bang alikuja ofisini bila miadi. Alikunywa kahawa mbili akitazama dirisha.

"Hizo zabibu zako," alisema hatimaye, "zinapogolewa vipi?"

Bwana Seok alifungua droo, akatoa fomu ya kuombea miche. Ilishajazwa jina la Mzee tangu 2009. Ilikosa sahihi tu.

Mzee aliisoma mara mbili. "Una dharau wewe," alisema, akatia sahihi.

Sasa Bwana Seok na mkewe Mi-ryeong wanahamia Yanggu, kaskazini kabisa, kulima matufaha. Ndiyo, matufaha. Kumbe aliyapenda kuliko sisi sote. Mzee Bang naye ameshafunga mizigo.

"Simfuati yeye," ametuambia. "Nayafuata matufaha."

Bwana Seok, asante kwa kutusumbua. Tunakuombea afya, miti yenye kuzaa, na subira nyingi: Mzee anasema atakaa kwako hadi mavuno ya kwanza, na mitufaha huchukua miaka minne.