Mliniombea Nisidai Ujira wa Nyimbo Zangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Nilipoambiwa nije nishuhudie, nilimuuliza Mchungaji mara mbili kama ana hakika. Akasema, "Njoo, mradi usiwe mrefu." Basi nitakuwa mfupi, ila sitakuwa mpole.

Mnanijua kwa maswali yangu. Nilisomea muziki chuo kikuu, nikarudi hapa Bagamoyo, nikatunga nyimbo zote za lile igizo la mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji zake. Mlijaa, mkalia. Kiingilio kikakusanywa. Mwenye turubai akalipwa, fundi wa spika akalipwa, seremala wa jukwaa akalipwa, na mama wa pilau akalipwa kabla sufuria haijapoa. Nilipouliza changu, mwenyekiti wa vijana, Kaka Elia, alinishika bega. "Mdogo wangu, kipaji ni zawadi. Zawadi inauzwa?"

Nikamuuliza, "Na mikono ya seremala ilinunuliwa dukani?"

Ndugu zangu, kilichofuata mnakijua. Mlinipigisha magoti hapa mbele, mkaniwekea mikono kichwani, mkakemea roho ya fedha. Wengine mlitoka jasho. Mimi nilifumba macho nikijiuliza: mbona seremala hajaletwa? Mlimlilia mjane wa kwenye igizo kwa sababu amedhulumiwa, kisha mkanitazama mimi mkaona mwenye tamaa.

Nikakata tamaa. Mjomba wangu alikuwa ameniita Chalinze nikauze vipuri vya malori dukani kwake, nikakubali. Nilikifunika kinanda kwa shuka, nikaapa sitatunga tena. Nilikwenda mazoezini kuaga tu. Nikamkuta Kaka Elia anatangaza kwamba kikundi kimoja cha Mbegani kitaigiza igizo letu, na kwamba amewapa nyimbo zote "kwa baraka."

Nikasema, bila kupaza sauti, kwamba mimi sikuulizwa.

Elia akacheka. "Roho imemrudia huyu. Haya, tuanze."

Anayeanzisha wimbo ni Dada Neema, ndiye mjane wetu wa kwenye igizo. Hakuanza. Aliketi. "Kaka Elia, siku ile mkono wangu niliuweka kichwani mwa huyu, na nilikosea. Leo nauweka hapa." Akajiziba mdomo. Safu ya sauti ya pili ikaketi, kisha besi. Elia akabaki anapiga makofi ya kuanzisha wimbo peke yake.

Mchungaji akaitwa, tukakaa kikao. Sasa tumekubaliana: kila onyesho lenye kiingilio, fungu la mtunzi hutengwa kwanza, na anayetaka kuigiza kwingine huniomba mimi na kunilipa mimi. Wale wa Mbegani wamelipa, tena wakashangaa kwa nini hawakuambiwa mapema. Kinanda nimekifunua. Mjomba ametafuta mtu mwingine.

Je, aliyeniokoa ni Mungu, au ni Neema aliyeketi? Nimeuliza sana, sijapata jibu. Lakini niliokolewa, na ninashukuru. Mlichokemea hakikutoka, maana hakikuwemo. Kilichotoka ni woga wa kutaja bei. Na wewe uliyeketi huko nyuma na nyimbo zako kifuani, mtumaini Aliyekupa, na bei uitaje kabla ya zoezi la kwanza.

Jumamosi tunaigiza tena. Nyote mlioniombea, karibuni sana. Kiingilio kinapokelewa mlangoni.