Kiti cha Bi Kiguu na Njia

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, karakana yetu ya buti za kupandia farasi inamuaga Bi Kiguu na Njia, mpimaji wa miguu na mwalimu wa buti mpya, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Mwenye kumbukumbu nzuri atauliza: si tulishamuaga? Tulimuaga, tena mara mbili. Keki tulikula, hotuba tulisikiliza, na mwandishi wa mistari hii aliandika wasifu mzuri kuliko huu. Mara zote mbili alirudi. Ndiyo maana leo tunaandika roho juu, tukiomba safari hii iwe ya kweli, ingawa tukisema ukweli hatutaki aende.

Aliajiriwa kushona soli. Kazi hiyo hufanywa kwa kukaa, na hapo ndipo tatizo lilipoanza. Angepiga mishono miwili mitatu, ainuke kuchungulia dirishani, arudi, kisha ainuke tena kumsalimia fundi wa visigino ambaye walishasalimiana asubuhi. Msimamizi wa enzi hizo, mtu wa hasira za karibu, alimhamishia chumba cha kupimia kama adhabu, aende akawasumbue wateja huko. Jina la Kiguu na Njia alipewa wiki hiyo hiyo, na hakulikataa.

Mwanzo wake chumbani humo haukuwa mzuri. Kwenye maonyesho, farasi hashindanishwi kwa mbio bali kwa umbo, usafi na adabu, na mpandaji naye hutazamwa kuanzia kofia mpaka soli. Alikuja mwenye farasi mweupe, akakaa kitini, akanyoosha miguu mbele ya kioo, na buti ndefu zikamkaa sawasawa, zikaishia pale pale chini ya goti. Bi Kiguu akafurahi, nasi tukapiga makofi. Tulichosahau ni kwamba ngozi mpya ikishazoea mguu hukunjamana kwenye kifundo, na ikikunjamana hushuka. Siku ya maonyesho buti zilikuwa zimeshuka vidole viwili. Farasi alimeremeta, lakini mpandaji alionekana kama mtu aliyekuja kumwosha. Alizirudisha buti, akaziweka mezani na kuondoka bila hata kugombana, na ukimya huo ulimuuma Bi Kiguu kuliko matusi.

Kesho yake alikibeba kile kiti mwenyewe, akakitupa stoo. Tangu siku hiyo chumba cha kupimia hakina kiti. Kina kioo, kina farasi wa mbao mwenye tandiko, na kina mlango unaofunguka kwenye ngazi za kupandia ghala la ngozi. Mteja hupanda ngazi, hushuka, hupanda tena, kisha hukaa juu ya farasi wa mbao na kukunja magoti. Buti isipombana kidogo nyuma ya goti, Bi Kiguu haiuzi, hata mteja aape kwamba hajawahi kuvaa kitu kitamu namna hiyo. "Isipokubana leo, itakuaibisha kesho," huwaambia, na huku yeye mwenyewe ameshafika ngazi ya juu akiwasubiri.

Kuhusu kuzoeza buti, ushauri wake tunaujua wote kwa moyo. Buti mpya haivaliwi siku nzima. Vaa kidogo jioni, ndani ya nyumba, na soksi zile zile za kupandia. Weka pedi chini ya visigino ili buti isikuchune nyuma ya goti, upunguze pedi kadiri ngozi inavyoshuka. Paka mafuta kifundoni, si kila mahali. Usiilowanishe wala usiianike motoni. Lengelenge likitokea, pumzika, kesho uendelee. Haba na haba hujaza kibaba, nasi tumeshuhudia wateja wakali wakiitikia kama watoto wa chekechea.

Hatuwezi kumuaga bila kumtaja yule mfugaji wa farasi, mtu wa mwili, aliyepimwa nyumbani na mkewe na kudanganya unene wa mguu kwa aibu. Buti ziliingia, zikakataa kutoka. Bi Kiguu alimkumbatisha farasi wa mbao, akanyunyiza poda, akatupanga mstari: mkata ngozi mbele, mhasibu nyuma yake. Buti ilipochomoka ghafla, wote wawili walitua kwenye sanduku la vipande vya ngozi. Mfugaji ni mteja wetu hadi leo, na siku hizi hupimwa na Bi Kiguu mwenyewe. Mhasibu ndiye ambaye hapiti tena karibu na chumba kile.

Ukutani mwake zimejaa riboni za ushindi ambazo wateja walipewa kwenye maonyesho na kumletea. Yeye hajawahi kupanda farasi hata mara moja. Anawaogopa, na akimwona mmoja uani hupitia mlango wa nyuma.

Sasa turudi kwenye kuaga kwetu. Mara ya kwanza tulimpa saa ya ukutani. Jumatatu yake mlinzi alimkuta nje ya geti, akisema buti za binti wa daktari wa mifugo hazijashuka. Mara ya pili alijitahidi zaidi. Alikaa kwa bintiye, ghorofani, akawa anatembea koridoni toka asubuhi mpaka jirani wa chini akaanza kugonga dari kwa mpini wa ufagio. Bintiye ndiye aliyemrudisha, amemshika mkono, akatuambia, "Mchukueni jamani, mimi nimeshindwa." Tulicheka sana siku ile.

Mwezi wa tatu alianguka kwenye ngazi, mbele ya mteja, na hakuna aliyecheka. Daktari alisema goti lake limechoka. Akizidisha ngazi, atatembelea magongo. Wiki mbili zilizopita bintiye alikuja tena, safari hii kwa siri, akatuomba jambo moja: mama akija Jumatatu, tusimfungulie. Mwandishi wa mistari hii alikubali kwa niaba ya wote, na tangu hapo hana raha. Ni rahisi kuahidi. Kumwacha mtu huyu amesimama nje ya geti, ukiwa wewe ndiye mwenye funguo, ni jambo lingine.

Kamati ya zawadi ilipopendekeza kiti cha kupumzikia, mkata ngozi alipinga kwamba ni sawa na kumpa mwenye kipara kitana. Kiti kikanunuliwa hivyo hivyo, kizito, cha ngozi yetu wenyewe, tukakificha chumba cha kupimia chini ya shuka. Siri hiyo haikudumu. Jumanne mchana mwandishi aliingia humo kuchukua pedi za visigino, akamkuta Bi Kiguu amekaa. Shuka lilikuwa chini, mikono yake imeshika pande za kiti kwa nguvu, na mguu mmoja unacheza. Aliruka kusimama kama aliyefumaniwa. Kisha akatazama kiti, akatazama mlango wa ngazi, akarudi kukaa polepole.

"Leo hivi tu," alisema. "Kesho nitaongeza kidogo."

Jumatano aliongeza. Alhamisi mguu ulicheza kidogo zaidi ya ilivyotakiwa, lakini hakuinuka mpaka chai ilipoletwa.

Bi Kiguu, asante kwa kila ngazi uliyopanda kwa ajili ya miguu ya watu wengine. Tunakupenda, na chumba chako kitatuuma kukitazama. Uende salama, uishi vyema na binti yako na jirani wa chini. Na ustaafu ukikubana nyuma ya goti, usiuvue, wala usije getini Jumatatu. Subiri kidogo. Utashuka.