Mama Jokébed Maliro, Aliyetusomea Matangazo ya Umeme

Watumishi wa Mungu, majirani wa Mulekera, na ninyi mliotoka Butembo alfajiri, Bwana awalipe mwendo wenu. Tunawasomea maisha ya mama yetu kabla ya kumkabidhi kwa Mungu, aliyetuazima.

Mama Jokébed Maliro alizaliwa Mangina, eneo la Mabalako, tarehe 14 Machi 1966, binti wa kwanza wa mzee Ésaïe, mkulima wa kahawa, na mama Bénite. Shule ya msingi aliisoma hapo hapo. Kisha alipelekwa Butembo kwa shangazi yake, akamaliza mwaka wa nne wa sekondari, sehemu ya ualimu, mwaka 1984. Alifundisha watoto wa darasa la kwanza hadi alipoolewa.

Tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa Butembo na baba yetu, Zorobabel Kasonia, dereva wa malori ya Kasindi, mpakani na Uganda. Baba alipenda kusema kwamba alimchagua kwa sababu ya sauti yake, iliyosikika hata injini ikinguruma. Mwaka 1996 walihamia Beni, wakajenga Mulekera. Baba alitutangulia mwaka 2011, naye mama akatulea, Éphraïm, mtoto wa kwanza, na wadogo zake, kwa mashini ya kusagia unga, kwanza ya mazutu, yaani dizeli, baadaye ya umeme.

Kanisani alikuwa msomaji wa matangazo. Akimaliza kusoma, hakuketi kabla ya kumwonyesha mtu kidole na kumwuliza, "Papa, umesikia nini?" Siku moja mzee mmoja alishtuka usingizini, akajibu, "Nimesikia Amina." Kanisa lote lilicheka, na mama akasoma upya.

Ndiyo sababu, mwaka 2021, kampuni ya umeme ilipoomba wateja wachague watu wa kusaidia kurekebisha matangazo yake, mtaa ulimtaja yeye. Soko lilimchagua Mama Hadjara, muuza samaki wa barafu. Hapo awali ujumbe ulikuja kwenye simu kwa Kifaransa kigumu, na wamama walileta simu zao kwenye mashini yetu wasomewe. Mama na Hadjara waliyageuza maneno yale kuwa Kiswahili cha hapa kwetu, wakayasomea watu waliopanga foleni ya unga. Neno ambalo foleni haikuelewa liliondolewa. Kisha mama aliyasoma redioni.

Mwezi wa Novemba 2023 dhoruba iliangusha nguzo. Kampuni ilimletea tangazo mbio mbio: umeme utarudi kesho. Mama alilisoma bila kuuliza. Kesho ikafika, umeme hakuna. Wakamletea kesho nyingine, akaisoma pia. Ndipo Hadjara alipoingia kwetu na beseni kichwani, akalitua mbele ya wateja waliokuwa wakingoja umeme.

"Mama Éphraïm, nusa! Ulisema kesho, mi nikaacha kuuza, nikangoja friji iwake. Sasa samaki yote imeoza."

"Wanamulipa huyu," mtu mmoja akasema kwenye foleni. "Amekuwa mutu ya kampuni. Ni bongo, ni uongo tu."

Jumapili iliyofuata, mama aliposimama na karatasi ya matangazo, mtu aliuliza kwa nyuma, "Hiyo ni ya kesho tena?" Vijana wakacheka. Mama aliketi bila kusoma. Tulimwona akilia siku hiyo. Alituambia kwamba mashini ikiharibika hutengenezwa, lakini jina la mtu likiharibika, fundi wake ni Mungu peke yake.

Jumatatu asubuhi alienda ofisini kwa kampuni, na Hadjara nyuma yake. Mkuu wa ofisi aliwapokea vizuri, lakini alisema, "Mama, kampuni haiwezi kutangaza kwamba haijui. Watu watatudharau."

"Lakini patron, banatuzarau tayari," mama akajibu. "Andika hatujui. Andika nguzo imeanguka wapi na kazi imefika wapi. Kama hapana, mi hapana soma tena."

"Basi tutatafuta sauti nyingine."

"Mutafute. Ikimaliza kudanganya, mutatafuta na ya tatu."

Hadjara alisimulia kwamba yule bwana alicheka, akamwita fundi wake Jephté. Jephté akaeleza kila kitu: kifaa kilichokosekana kilikuwa bado Kasindi, na hakuna aliyejua siku kitakapotoka. Jioni ile mama alisema redioni: "Niliwaambia kesho. Nilikosea, munisamehe. Kifaa kiko Kasindi. Siku umeme utakaporudi hatuijui. Mwenye samaki auze, mwenye kusaga aende kwenye mashini ya mazutu. Kila jioni nitawaambia tulipofika."

Na kila jioni alisema, hata pale ambapo hapakuwa na jipya. Watu walipanga kazi zao, na manung'uniko yakapoa. Umeme uliporudi, Hadjara alikuja na samaki mzima. "Nusa tena, ndugu yangu," akasema, na wakala pamoja. Tangu hapo kampuni haitoi tangazo ambalo wateja hawajalisikia kwanza, na mama aliitwa hata Butembo kuwafundisha wengine.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwezi wa Mei mwaka huu. Alitibiwa Beni, kisha Butembo. Hata kitandani aliletewa matangazo asomewe. "Hiyo 'hivi karibuni' muitoe," alisema, "ni kesho ingine." Alilala katika Bwana tarehe 14 Oktoba 2025, baada ya kuomba wimbo na kuuimba nasi ubeti wa kwanza.

Ameacha watoto watatu, Éphraïm, Gracieuse na Gamaliel; wakwe na wajukuu; mdogo wake Ananie wa Mangina; na Mama Hadjara, ambaye tunamhesabu kuwa wa nyumba hii.

Juzi jioni, tukiwa matangani, umeme ulikatika. Redio ya jirani ikasema kwamba waya umekatika Mulekera, mafundi wako njiani, saa ya kurudi bado haijulikani. Ilikuwa sauti ya Hadjara. Hakuna aliyelalamika. Vijana waliazima jenereta, wamama wakawasha makaa, na tukaendelea kuimba.

Bwana aliyemtumia mama yetu ampe sasa raha yake. Alale kwa amani.