Kongosho la Adongo

Kijiwe cha Janeffer pale Litein kinatazamana na geti la hospitali: benchi moja, meza ya mbao, na birika lisilopoa kutwa kucha. Wateja wake huanza kuzozana kabla ya umande kukauka, na hakuna siku hata mmoja wao aliyekubali kwamba ameshindwa. Ila asubuhi hiyo ya mwaka wa tisini na sita, Opondo, wanayemwita Boila kwa sababu ya kazi yake ya tanuri kwenye kiwanda cha majani chai, alivuka barabara akitoka hospitalini, akaketi, akasema Adongo amekufa. Alikuwa na mapacha wa kike, Apiyo na Adongo. Kwao, watu wa ziwa, pacha haliliwi kwa sauti, asije akamwita mwenzake, kwa hiyo Boila alikuwa amekifungia kilio chake kifuani na kinamchoma. Janeffer akammiminia chai. Boila akasukuma bakuli la sukari kando. Wenzake wawili nao wakaacha kutia sukari kwenye vikombe vyao, bila kuambiwa na mtu.

— Ni ugonjwa wa sukari, akasema Boila. Tulimuona akikunywa maji mingi, akikonda, tukadhani anakua tu. Sasa daktari anataka kongosho.

— Anataka nini?

Aliyeuliza ni Kipyegon, mwenye bucha ya jirani, ambaye jina lake ni Bucha tu.

— Kongosho. Iko nyuma ya tumbo. Wanataka kuitoa waichunguze, na inaharibika haraka, kwa hivyo nijibu saa hii. Mama yake amesema niamue mimi. Na nyumbani wazee watauliza kwa nini mtoto amefika akiwa nusu.

Bucha akawaza. Kwao Wakipsigis, mnyama akichinjwa kila kipande kina mwenyewe, na ole wako umpe mzee nyama ya shemeji.

— Mimi nimechinja miaka mingi, akasema. Hiyo kitu haina mwenyewe. Sisi tunapatia mbwa.

— Bucha, akasema Janeffer.

— Naongea ya ng'ombe.

Wa tatu alikuwa Mokaya, fundi wa viatu, aitwaye Redio kwa kuwa kila analosema amelisikia redioni.

— Daktari amesema iliharibiwa na nini?

— Anasema mwili iko na askari wa kupigana na magonjwa. Siku moja hao askari wanageukia kongosho, wanasema huyu si wa hapa. Wanaimaliza. Na imekaa nao tangu mtoto azaliwe.

Nyumba ya Boila kule Londiani ilichomwa mwaka wa tisini na mbili, kwenye fujo za ukabila, na watu aliowajua kwa majina. Bucha, aliyekuwa akichinjia huko wakati huo, ndiye aliyemficha yeye na mkewe na mapacha chumba cha nyuma, katikati ya ngozi mbichi, mpaka barabara ikatulia. Tangu siku hiyo hawajawahi kuliongelea.

— Lazima kuna mtu aliwachochea, Bucha akasema, akikitazama kikombe chake.

— Hapana, akasema Redio. Ni kukosa kazi. Askari wa mtu wa ziwa wamezoea mbu. Huku juu ni baridi, mbu hakuna. Wanaamka asubuhi, hakuna malaria. Kesho, hakuna malaria. Askari akikaa bure atatafuta mtu.

— Umesikia kwa redio?

— Nimefikiria mwenyewe.

— Sasa mbona wangu wametulia? Mimi nimezaliwa hapa hapa.

— Wako ni wa baridi.

Bucha akalipima jambo hilo, akaliona lina maana.

— Kwa hivyo dawa ni mbu.

— Dawa ni mbu. Unashika wachache huko chini Ahero, unatia kwa chupa, unafungulia mtoto jioni.

— Watakufa na baridi wakifika Kericho.

— Unavalisha chupa sweta.

Boila alihisi kicheko kikimpanda, akaogopa. Alijua kikitoka hicho, kile kingine kitatoka nyuma yake.

— Lakini kongosho usitoe, Redio akaendelea. Mtoto ameshaenda. Itamsaidia nini?

— Ng'ombe ikikufa ghafla sisi tunafungua, Bucha akasema. Tunaangalia, kwa ajili ya zile zimebaki.

— Mtoto si ng'ombe.

— Najua. Ndio maana nimeongea polepole.

Hapo Apiyo akavuka barabara, ametumwa na mamake amwite Boila. Alikuwa amevaa sweta ya Adongo, kwa kuwa ya kwake walimfunika nayo ndugu yake. Akasalimia wote kwa adabu, akamwomba Janeffer maji. Akanywa kikombe chote. Akaomba kingine. Watu wazima wanne wakamtazama akinywa, na hakuna aliyesema ni jua, kwa kuwa ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mashamba ya chai.

— Baba, akasema alipomaliza. Hao askari daktari alituambia, walijuaje waanze na Adongo, na sisi tunafanana?

Bucha akaangalia mikono yake.

Boila akasimama.

— Twende kwa daktari. Nimwambie achukue. Halafu akupime na wewe.

— Wazee wakiuliza, Bucha akasema, waambie aliyekushauri ni Kipyegon. Nitakuja mazishi. Waniulize mimi.

Boila akataka kumshukuru. Machozi yakamtoka, bila mlio wowote, yakashuka mpaka kwenye kola ya koti lake la kazi. Akamshika Apiyo mkono wakaanza kuvuka.

— Sasa walijuaje? Apiyo akauliza tena.

— Hatujui, mama. Tunaenda kuwaambia waangalie.