Kamera Zilimwona Bi Verdiane

Kijiwe cha Granville, huku ughaibuni, hakina jina wala kibao. Ni benchi moja la mbao mbele ya duka la nyama lililofungwa, na anayelitawala ni Mselem wa Unguja, dereva teksi mstaafu, waliyempachika jina la Waziri kwa sababu hajibu swali bila hotuba. Kahawa ni yake. Huja nayo kwenye chupa ya chai, imetiwa tangawizi. Asubuhi hiyo hata hotuba ilimkauka. Katikati ya benchi alikaa Aloys, simu mkononi, macho mekundu. Mama yake, Bi Verdiane, ambaye kichwa kimeanza kusahau, alitoka nyumba ya kulelea wazee tangu Jumanne, miguuni malapa ya chumbani, na leo Ijumaa hajaonekana.

— Kamera si wanazo? akauliza Mselem.

— Kila pembe. Ya mlangoni imemwona akitoka. Wanasema imemwona vizuri sana.

— Imemwona, halafu ikafanya nini?

— Ikarekodi.

Mselem akasonya. 

— Na nani alikuwa anaiangalia?

— Meneja anasema niulize kampuni ya ulinzi. Kampuni inasema niulize polisi. Polisi wanasema hilo ni la nyumba ya wazee. Nikaomba nione video mwenyewe, wakakataa. Ati praivasi ya mama.

— Lo! Mtu kapotea mzima mzima, praivasi yake ndiyo iliyobaki salama!

Bruno, Mkongo wa Bukavu wanayemwita Satelaiti, akajisogeza mbele. Huyu usiku hupanga mizigo ghalani, mchana hupanga dunia.

— Waziri, mi nakwambia, zile kamera hawakuweka juu ya kulinda mama ya watu. Zinatuangalia sisi. Juzi nimechelewa kidogo kurudi break, supavaiza tayari iko na picha yangu. Donc, basi, kuona banaona!

— Hapo umesema kweli. Pita getini stesheni bila kadi uone. Watakudaka hujafika stesheni ya Bankstown.

— Voilà. Wahenga walisema, macho hayana pazia.

— Yakhe, hiyo ni ya kutamani vya watu, si ya kamera.

— Macho ni macho! Sikiliza. Kompyuta yao wameifundisha sura zetu sisi, wanaume weusi wa kwenye benchi. Bibi wa malapa hayumo. Akipita, inaona upepo.

— Na hizo picha zinakwenda wapi?

— Canberra kwa serikali, chini ya udongo. Kuko mashine kubwa kama uwanja wa mpira, mtu ndani hakuna. Na wale ndege weupe wa midomo mirefu, wanaofukua mapipa? Uliona hata mmoja anakuogopa? Anakukazia jicho tu. Ile si jicho, Waziri.

Siku nyingine Mselem angecheka mpaka akohoe. Akamtazama Aloys, anayeifuta simu kwa kidole gumba kila inapozima, akaona kucheka ni dhambi.

— Na hao wa nyumba ya wazee, tangu Jumanne wamefanya nini?

— Wameongeza kamera mbili. Moja inanipiga picha mimi nikiingia kuuliza.

— Unaona! Aliyekosa haombi radhi, anaongeza jicho! Wallahi, nchi hii mkubwa hawajibiki, anachunguza wadogo tu...

Hapo hotuba ikamrudia. Akawapitia mameneja, akapanda kwa mawaziri, Bruno akimwitikia kwa misemo iliyokosa mahali. Pembeni alisimama Ketsia, dada aliyehamia karibuni kutoka Uvira, anangoja basi la kazini. Kikombe alichokaribishwa bado kimejaa.

— Samahani, baba zangu, akasema. Huyu mama, mmeshamtafuta wapi?

 Mselem aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kwao Unguja mtu akipotea mtaa mzima hutoka, wanapiga makopo na kuita jina lake kila kichochoro. Yeye tangu Jumanne kazi yake ilikuwa kuchemsha kahawa.

— Polisi waliniambia nisibanduke kwenye simu, Aloys akasema polepole.

Kisha akawageukia Mselem na Bruno.

— Nyinyi mliponiambia tuko pamoja, mimi nilidhani mnamtafuta.