Amplifaya ya Kumfaa Besi

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao lililowekwa kwenye kona, kati ya kibanda cha fundi simu na karakana ya seremala, mahali ambapo ukuta hutoa kivuli asubuhi nzima. Benchi alilitengeneza seremala kwa mabaki ya mlango, ndiyo maana upande mmoja lina tundu la kitasa. Mbele yake hukaa Shangazi na jiko lake la mkaa na birika la kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila hakuna anayemwita vinginevyo. Seremala wanamwita Besi, kwa sababu ya sauti anayoimba kwenye kwaya. Fundi simu ni Chaji. Wa tatu ni Gia, dereva wa lori aliyestaafu, asiye na kazi ya kumharakisha na mwenye methali kwa kila jambo, ingawa mara nyingi methali hushika kushoto na jambo likashika kulia. Jumamosi hiyo Besi alizima mashine ya kuranda mapema, akajikung'uta unga wa mbao, akaja kukaa na hedifoni kubwa nyeusi shingoni.

— Chaji, nataka amplifaya, alisema. Ile ndogo, ya kutembea nayo.

— Ya nini tena, bwana? Unafungua ukumbi?

— Ya hizi. Simu haizisukumi.

Hedifoni zilikuwa za binti yake mkubwa, anayefanya kazi studio ya kurekodi. Studio iliponunua mpya, yeye akamletea baba yake hizo za zamani, na tangu siku ile Besi hakutoka nyumbani bila kuzivaa. Kutoka kwake mpaka karakana ni mwendo wa kuuchosha wimbo mmoja kwa kuurudia njia nzima, na hivyo ndivyo alivyokuwa akijifunza sehemu yake: mwalimu wa kwaya anatuma wimbo kwenye simu, Besi anautembeza mpaka unamwingia miguuni.

Sasa wimbo mpya ulikuwa umegoma kuingia. Ndani yake kulikuwa na mahali ambapo kwaya nzima inanyamaza na Besi anaimba peke yake. Kwenye mazoezi yaliyopita zamu yake ilipofika, alivuta pumzi, akatoa sauti yote aliyopewa na Mungu, akaimba:

"Punguza mlango, kumekucha."

Mwalimu alishusha mkono. Wanawake wa sauti ya kwanza waliinamia karatasi zao na mabega yakatikisika. Maneno yalikuwa "fungua mlango". Lakini Besi ni seremala. Mtu akija karakana asubuhi humwambia mlango umevimba, aupunguze kidogo, na sikio lake lilikuwa limeokota lile linalolijua.

— Mwalimu kaniambia kesho maneno yasipokaa sawa, mstari anapewa yule kijana wa posta anayeimba pembeni yangu, alimaliza kueleza. Na mimi mstari ule siutoi.

Hakuna aliyecheka. Hata Gia alitazama pembeni.

— Kwani ukivaa unasikiaje? aliuliza Chaji.

— Nini?

— Nasema, unasikiaje?

— Muziki upo. Ngoma ipo, kinanda cha chini kipo. Maneno ndiyo kama mtu anaimba ndani ya pipa, kafunikwa na blanketi. Naongeza simu mpaka mwisho wake, blanketi haliondoki.

Chaji alipindua hedifoni, akasoma maandishi madogo ndani ya utepe wa kichwani.

— Umeona hapa? Mia mbili na hamsini. Hizi ni omu, kipimo cha ukinzani. Za kawaida huwa na thelathini, hizi ni ngumu kuzisukuma. Simu yako ni punda mmoja, na wewe umemfunga gari la punda wanane.

— Si ndiyo nilivyosema?

— Umesema vizuri. Ngoja.

Aliingia kibandani akatoka na kifuko cha kitambaa. Alitoa vitu viwili, akavipanga kwenye benchi kwa heshima, kama mtu anayeonyesha saa.

— Hii ndogo kama kidole unaichomeka pale pa kuchajia simu, hedifoni zinaingia upande wa pili. Nyepesi, huioni mfukoni. Ila inakula chaji ya simu. Hii nyingine, kama kipande cha sabuni, ina betri yake na kirungu chake cha kuongeza sauti. Ina nguvu. Ila ni nzito, shati litaning'inia upande mmoja.

— Chukua nyepesi, alisema Gia. Wahenga hawakukosea: debe tupu haliachi kuvuma. Kadiri kitu kilivyo chepesi ndivyo kinavyovuma.

— Methali hiyo ni ya wapiga domo, alisema Shangazi.

— Na hedifoni si zinapiga domo?

Chaji aliendelea bila kuwajali. Alisema mtu wa kutembea asitazame nguvu peke yake. Atazame betri inamfikisha wapi. Atazame kama kifaa hakipigi fyuuu wimbo ukinyamaza, maana vingine vina upepo wao wa ndani. Na kama kinakaa mfuko mmoja na simu bila kunguruma kila ujumbe unapoingia.

— Kwako wewe, alisema, nadhani hii ndogo inatosha. Jaribu.

Besi alivaa, akachomeka, akabonyeza. Wenzake walimtazama uso. Kwanza nyusi zilipanda, kichwa kikaanza kwenda na mapigo, na Chaji akatabasamu kama mganga aliyeona dawa imeshika. Kisha nyusi zikashuka.

— Imeongezeka, alisema Besi kwa sauti kubwa. Ngoma inanifika kwenye meno.

— Na maneno?

Chaji ilibidi aonyeshe mdomo kwa kidole ndipo akaelewa anaulizwa nini.

— Bado blanketi.

Walijaribu ya pili. Chaji aligeuza kirungu kidogo, kisha zaidi, kisha mpaka kilipogoma. Besi alifumba macho. Alihisi sauti ikimtetemesha mifupa ya shavu, kama anapobana ubao mgumu kwenye msumeno wa umeme, na katikati ya mtetemeko ule aliitafuta sauti ya mwalimu ikitamka neno hata moja zima. Alipata "u" na "a". Alipata "mla" pasipo "ngo". Alivua.

— Bado.

Hapo ndipo kijiwe kiliposhika kazi.

— Amplifaya zako feki, Gia alimwambia Chaji.

— Orijino zote mbili.

— Basi ni unga wa mbao. Huyu anafanya kazi ndani ya wingu. Unga umeingia humo, umeloa jasho, umekuwa ugali.

Hilo lilikuwa na akili. Chaji alichukua bisibisi, akafungua upande mmoja, akapuliza. Ukatoka unga kidogo, wa kujaza ukucha. Akafungua wa pili, akapuliza tena, akafunga. Besi alijaribu. Blanketi lilikuwa palepale.

— Haba na haba, alisema Gia. Unga uliobaki ndio mbaya.

— Unga umekwisha, Gia.

— Basi ni ule mwendo. Sikilizeni, mimi nimevuta trela miaka yote. Kichwa cha lori kikiondoka, trela haliondoki palepale, linasubiri kidogo. Sauti kwenye waya nayo ni trela. Besi anatembea haraka; kichwa chake kinafika, maneno yako nyuma yanakuja. Ngoma ni nzito, inang'ang'ania. Maneno ni mepesi, yanadondoka njiani.

— Sasa hivi amekaa, alisema Shangazi.

Gia alifikiri.

— Amekaa, lakini miguu ina mazoea.

Chaji naye, aliyeanza na omu zake vizuri, alikuwa ameanza kupotea. Alisema labda ni nyaya za umeme zilizopita juu ya benchi, zinanyonya sauti za juu na kuacha za chini. Walihama wote watatu mpaka upande wa pili wa karakana, Besi na hedifoni zake, Chaji na kifuko, Gia na kikombe. Wakarudi. Shangazi akasema labda kichwa cha Besi ni kipana kuliko cha binti yake, kwa hiyo hedifoni zinakaa mbele ya masikio badala ya juu yake. Zikarudishwa nyuma. Zikapandishwa. Zikageuzwa kushoto kulia.

— Ni mwalimu, alisema Gia mwishowe, akishusha sauti. Kijana wa posta ni nani kwake? Nauliza tu. Mtu akitaka kukunyang'anya mstari, anakutumia wimbo alioufifisha maneno. Kikulacho ki nguoni mwako, na hedifoni ni nguo ya kichwa.

— Gia, mwalimu ni mtu mzima, alisema Besi.

Lakini lilimgusa. Mkono wake ulikaa juu ya simu kwa muda bila kubonyeza kitu. Alikuwa mtu wa kupima na kukata, na jambo ambalo limepimwa kila upande na bado halikai lilimtia hofu aliyokuwa hana jina lake.

Alivaa mara nyingine, kirungu kikiwa kimefika mwisho. Wakati huo alikuja mwanamke mmoja aliyevaa kitenge, mfuko wa sokoni mkononi. Alikuwa ameagiza kitanda wiki iliyopita, akaja kuuliza kama miguu imekwisha kuchongwa. Alisalimia. Shangazi, Gia na Chaji wakaitikia. Besi alikuwa amempa mgongo, hakugeuka. Mwanamke alisimama akamtazama, kisha akawatazama wenzake.

— Huo wimbo nausikia tangu kule barabarani, alisema. Ana shida gani?

Walimweleza, wakipokezana: omu, unga, trela, nyaya. Gia alitaka kuendelea mpaka kwa kijana wa posta, Shangazi akamkata jicho. Mwanamke aliwasikiliza wote mpaka mwisho.

— Na nyinyi mkizivaa mnasikiaje?

Chaji alimtazama Gia, Gia akamtazama Shangazi. Asubuhi nzima hedifoni zilikuwa zimefunguliwa, zimepulizwa, zimehamishwa na kusomwa maandishi, na hazikuwa zimekaa kwenye kichwa chochote isipokuwa kimoja.

Besi aliona wanatazamana. Alivua hedifoni, akauliza kuna nini, na Chaji akamrudia swali. Besi akampa Gia hedifoni.

— Vaa wewe.

Gia alivaa. Alishtuka, akashika kirungu na kukirudisha nyuma haraka. Kisha, kwa sauti ile ya juu ya mtu aliyezibwa masikio, akaanza kutamka:

— Fungua mlango, kumekucha. Aliyelala nje aingie ndani. Moto upo, mkeka upo, hatutauliza ulikotoka.

Akavua.

— Safi kama maji ya mtungi, alisema. Neno kwa neno.

Chaji alizichukua. Aliondoa amplifaya, akachomeka hedifoni kwenye simu peke yake, bila kitu katikati, akasikiliza kitambo. Aliviringisha waya wa amplifaya kubwa, akairudisha kwenye kifuko, kisha ile ndogo.

— Sikio la kufa..., alianza Gia, na neno likamfia mdomoni. Aliinua kikombe akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu.

Besi alikuwa akitazama mikono yake. Alikuwa akimfikiria mkewe, ambaye siku hizi kabla hajasema naye humgusa bega kwanza. Alikuwa amedhani ni mapenzi ya uzeeni, na yalikuwa yamemfurahisha.

Mwanamke aliweka mfuko chini, akaja upande wa mbele, mahali ambapo Besi angeuona uso wake.

— Mume wangu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga, alisema taratibu. Yeye pia alianza na maneno. Ngoma anasikia, gari anasikia, watoto wakimwita hasikii. Tukadhani kiburi.

— Walimfanyia nini?

— Hospitali kuna watu wa masikio. Walimpima, wakampa kifaa cha kuvaa. Si kama sikio lake la zamani, lakini tunaongea. Walimwambia alichelewa, na kwamba kilichobaki akilinde. Wewe mashine yako unaivalia nini?

— Kofia, alisema Besi.

Hakuna aliyecheka hapo pia.

— Jumanne nafunga karakana, alisema. Naenda.

Na alikwenda kweli. Alipimwa, akaambiwa yaleyale aliyoambiwa mume wa yule mama, na alirudi na vizibo vya masikio ambavyo hadi leo huvivaa mashine inapowaka. Kifaa chenyewe alikuja kukipata baadaye. Lakini Jumamosi ile Jumanne ilikuwa mbali, na mazoezi yalikuwa kesho. Alimwambia mwanamke kwamba miguu ya kitanda iko tayari na atakileta mwenyewe. Yule mama akaaga akaenda zake. Besi akabaki amekaa, na kila walichokijua wenzake walikuwa wameshakisema.

— Lete hizo hedifoni, alisema Gia.

Alizivaa. Akajigeuza kwenye benchi mpaka wakatazamana goti kwa goti, akabonyeza simu, akasimamisha.

— Ubeti wa pili. Nitazame mdomo. "Shusha mzigo, pumzisha shingo."

— Chusha mzigo, alisema Besi.

— Shusha. Sh. Kama unamnyamazisha mtoto.

— Shusha.

— "Pumzisha shingo."

— Pumzisha shingo.

Chaji alifunga kibanda chake, akakaa upande wa pili ili kama Gia akikosea amsahihishe. Shangazi alitikisa birika, lilikuwa jepesi. Akalimimina kwenye kikombe cha Besi, ikatoka nusu na machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Hakuna aliyeinuka. Gia alibonyeza tena, akasikiliza, akasimamisha, akasema mstari unaofuata. Besi aliurudia kwa sauti yake nzito, kwanza kama mtu anayesoma, halafu akiuimba.